Bima ya Afya Kabla ya Kupanda Ndege ya Ulaya

Wewe wa Kariakoo unayefuata mzigo Ujerumani au Italia, viza ya Schengen ya muda mfupi inataka bima ya safari.

1. Dai bima isiyopungua yuro 30,000: matibabu ya dharura, na kurudishwa nyumbani, mgonjwa au maiti.
2. Ihusu nchi zote za Schengen. Uingereza haimo.
3. Linganisha jina na pasipoti herufi kwa herufi. Dirishani pa viza, Mohamed na Mohammed ni watu wawili.
4. Ndege ya kurudi ikiondoka saa saba usiku, tarehe imeshageuka. Ongeza siku kwenye bima.
5. Taja sukari na presha. Ukificha, unaweza kunyimwa malipo.
6. Usinunue kwa dalali wa kichochoroni Mtaa wa Kongo. Hakikisha kampuni imesajiliwa na TIRA, msimamizi wa bima Tanzania.
7. Ukizidiwa huko, piga namba ya dharura 112, kisha kampuni ya bima. Tunza risiti.