Zabibu za Marehemu

SWALI: Mume wangu amefariki hapa Hombolo bila ya kuacha wasia. Shemeji ameshika kadi yake ya benki na anataka kuuza zabibu zilizokwisha kuiva, akidai kikao cha ukoo kimemteua. Nifanyeje?

JIBU: Bibi, pokea mkono wa taazia. Kikao cha ukoo kina heshima yake, na muhtasari wake mahakama huutaka, lakini kikao hupendekeza tu. Mwenye kutoa mamlaka ya kushika mali ya marehemu ni mahakama, na kabla ya hapo shemeji yako hana idhini ya kutoa benki hata shilingi moja, ijapokuwa namba ya siri anaijua. Iarifu benki leo hii. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, upate cheti cha kifo cha RITA, wakala wa usajili, kisha uende Mahakama ya Mwanzo, ambako mirathi ya kimila na ya Kiislamu husikilizwa, ukaombe usimamizi wewe mwenyewe, au uweke pingamizi dhidi ya asiyefaa.

Zabibu hazimngoji hakimu. Zichumwe, lakini mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi, kilo na bei ziandikwe daftarini na fedha zihifadhiwe, kwa kuwa msimamizi atawajibika kuwasilisha mahakamani, katika muda wa miezi 4 tangu kuteuliwa, orodha kamili ya mali na madeni.

Na wanaukoo wakikutajia habari ya wewe mjane kurithiwa na ndugu wa marehemu, ambayo mimi naiona ni dhuluma, Sheria ya Ndoa ya 1971 imekupa hiari ya kukaa utakako, na kuolewa na umtakaye au usiolewe kabisa. Tafadhali, usitie sahihi karatasi yoyote usiyosomewa ukaielewa.