Wa kukaa nawe leba ni nani?

*Shangazi! Nina mimba ya kwanza, wiki ya 34, naishi karibu na Matunda huku Likuyani. Nataka kujifungua hospitalini kwa njia ya kawaida, sitaki kisu. Mpango wangu nimeuandika kurasa tatu: nitembee, nisilazwe chali, nisiongezwe njia bila sababu, mtoto awekwe kifuani mwangu akitoka tu. Nguo za mtoto, pamba, beseni na leso ziko tayari. Mume yuko mjengoni Eldoret, atakuja akipigiwa simu. Wa kunisindikiza sijaandika, nitaona. Mke wa shemeji yangu alipiga nduru siku yake, na wifi zangu bado humwigiza jikoni wakicheka. Je, nimesahau kitu?*
*Mama Mtarajiwa, Likuyani*

Mpwa wangu, hujasahau kitu. Mtu aliyekumbuka mpaka pamba hasahau wa kumshika mkono. Umeamua kuingia leba peke yako ili machozi yako yasiwe na shahidi. Unaliogopa jiko la kwa mama mkwe kuliko uchungu wenyewe.

Nami sitakubali, kwa sababu hiyo nafasi uliyoiacha wazi ndiyo inayobeba kurasa zako zote tatu. Utafiti uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba mama anayekaa na mtu wake tangu uchungu unapoanza hadi mwisho hujifungua kwa njia ya kawaida mara nyingi zaidi, hupasuliwa kwa nadra zaidi, na uchungu wake hauchukui muda mrefu kama wa aliye peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018, linataka kila mama awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe. Uchungu ukikolea hutakuwa na sauti ya kumsomea nesi ukurasa wa pili. Anahitajika mtu wa kukusugua kiuno kwa kiganja, kukunywesha chai ya vuguvugu kidogo kidogo, kukuinua utembee, na kukimbia kumwita nesi damu ikizidi.

Kumbuka yaliyotokea hapo jirani, Bungoma, mwaka wa 2013. Mama mmoja alijifungua sakafuni, kwenye ujia wa hospitali ya umma, na badala ya kusaidiwa akatukanwa na kupigwa. Mwaka wa 2018 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5. Haki aliipata, lakini baada ya karibu miaka mitano. Mimi nataka uwe na mtu wa kupaza sauti saa ileile.

Sasa hao wifi zako. Mwanamke anayemcheka mwenzake kwa nduru za uzazi anaumiza nyumba nzima, maana wasichana wanaopika naye wanajifunza kwamba siku yao ikifika wafe kimya. Kupiga nduru si ukosefu wa adabu. Lia, imba, mwite mama yako. Heshima yako haimo mikononi mwa watu wanaotafuta kicheko wakisonga ugali. Na mume wako ndiye wa kuwakanya dada zake, wiki hii, kabla tarehe yako haijafika.

Na mama yako je? Hujamtaja, nami nashangaa. Najua kwetu magharibi mzazi halali nyumbani kwa mkwe wake. Lakini hospitali si boma la mkwe, na mila haikumzuia mama kumshika bintiye mgongo. Kama hayupo, tafuta shangazi au rafiki wa kanisani anayejua kufunga mdomo. Mume akitaka kuingia, vizuri, ila katika wodi nyingi za umma wamama hulala chumba kimoja na wanaume huachwa mlangoni. Ulizeni mapema.

Mengine ni mafupi. Michango ya bima ya afya ya SHA iwe imelipwa; hulipa shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Panga gari la usiku, na namba ya dereva wa pili. Tafuta mtu wa kukutolea damu, kwa kuwa kuvuja damu baada ya kuzaa ndiko kunakoua wamama wengi Kenya. Pale ulipoandika hutaki kisu, andika kwamba unataka kuelezwa sababu kwanza. Mapigo ya mtoto yakidhoofika, tia sahihi ya kupasuliwa.

Kliniki ijayo nenda na mama, au na uliyemchagua. Beba kile kijitabu cha mama na mtoto, kina ukurasa wa mpango wa kujifungua. Mwombe nesi msimamizi akuonyeshe chumba cha kujifungulia, mwulize kama kuna pazia na kama msindikizaji huruhusiwa hata usiku. Akikubali, andikeni jina la msindikizaji na namba yake ya simu hapohapo, mbele ya nesi. Kama jibu ni hapana, bado una wiki kadhaa za kutafuta hospitali nyingine.