SOMO LA WIKI: Masasi–Newala, hesabu saa siyo kilomita

Kwa mstari ulionyooka, viwanja vya ndege vya Masasi na Newala vimeachana kwa kilomita zipatazo 60. Ndege ndogo yenye mwendo wa kilomita 240 kwa saa huhitaji robo saa tu angani.

Lakini korosho husafiri kwa lori, na barabara hupanda ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde. Msimu huanza Oktoba; mvua hufika kabla haujakwisha.

Tuseme lori la magunia 100 hukodiwa kwa Sh. 300,000 kwa siku. Likienda safari mbili, kila gunia hugharimu Sh. 1,500, likikwama likaenda moja tu, Sh. 3,000.

Mfanyabiashara aulize kwanza hali ya barabara, ndipo apange bei.