SOMO: Majani yaliyooza yaliyozaa dawa ya damu

Wafugaji wenzetu, somo hili linaanzia mbali, kule Kanada na Marekani ya kaskazini, karibu na mwaka 1921. Wakulima wa kule walikuwa wanalisha ng'ombe jani linaloitwa meliloti, la jamaa ya maharagwe, lenye harufu tamu. Walilikata, wakalikausha, wakaliweka juu ya miezi ya baridi. Kisha ng'ombe wakaanza kufa. Ukikata pembe, damu haisimami.

Munganga wa nyama Frank Schofield, huko Ontario, alichagua katika lundo moja: majani mazuri mbali, yenye kuvu mbali. Sungura aliyekula mazuri alibaki muzima. Yule wa majani yenye kuvu alikufa, damu imemutoka ndani ya mwili. Basi jani halikuwa na kosa. Kosa ni kuliweka likiwa bado na maji.

Lakini kuvu inaua namna gani? Mwaka 1933 mukulima mumoja wa Wisconsin alisafiri karibu kilometa 300 katika theluji mpaka kwa profesa Karl Paul Link, mujini Madison. Alimuletea ng'ombe aliyekufa, majani yaliyooza, na chombo cha maziwa chenye damu isiyoganda. Link na wasaidizi wake walitafuta miaka 6. Mwaka 1939 wakaikamata sumu: dikumaroli. Harufu tamu ya meliloti inatoka kwa kumarini, ambayo peke yake haizuii damu kuganda. Kuvu njo inaigeuza.

Maini yanatengeneza vitu vya kugandisha damu, na kwa kazi hiyo yanahitaji vitamini K. Dikumaroli inafunga njia hiyo. Vitu vya zamani vinaisha pole pole, ndiyo maana munyama anaonekana muzima siku kadhaa kabla ya kuanguka.

Kutoka hapo Link na watu wake walitengeneza warfarini. Mwaka 1948 ilianza kuuzwa kama sumu ya panya. Panya hashuku chakula, kwani haumwi palepale. Mwaka 1954 ikaruhusiwa Marekani kama dawa ya watu wenye damu inayoganda ndani ya mishipa, na mwaka uliofuata raisi Eisenhower aliipewa kisha moyo kumushika. (Hiyo si ruhusa ya kumeza sumu ya panya! Dawa inapimwa kwa miligramu, na damu ya mugonjwa inapimwa mara kwa mara.)

Kwetu sasa. Majani ya mifugo yenye kuvu, ya aina yoyote, musiyachanganye na mazuri ili yasipotee. Kuvu ina sumu zingine pia. Katika depo, sumu ya panya ikae mbali na mahindi, kuku na watoto. Panya waliokufa muwazike, juu mbwa au paka akiwakula anaweza kutokwa damu naye. Mutoto akikula sumu, musingoje aonyeshe ugonjwa: mupeleke hospitali siku ileile pamoja na karatasi ya sumu, kwa sababu ile ya aina ya warfarini inatibiwa kwa vitamini K, lakini zingine za sokoni ni tofauti kabisa.

Na kama mutu wa nyumbani anakunywa warfarini, asiache sombe wala lengalenga. Akule kipimo kilekile kila juma: mboga nyingi kwa gafula zinapunguza nguvu ya dawa, na kuziacha gafula kunaizidisha. Aspirini na miti-shamba asiongeze bila kumuuliza munganga. Mwanamuke akijua ana mimba, aende kumuona haraka.