Mwenzetu Akitoka Katikati ya Mchezo



Somo letu safari hii ni juu ya jambo ambalo vikundi vingi vimelionja. Tuko katikati ya mchezo wa pesa, ule ambao wengine huuita merigoraundi, na mara mwenzetu mmoja anaondoka. Amepata kazi Saudia, au amehamia bara, au ameugua, au amechoka nasi tu. Maneno huanza palepale: "Huyo ametula!" Kikundi kilichojengwa kwa miaka kinavunjika kwa mwezi mmoja.

LENGO: Kikundi kiandike kanuni yake ya mtu anayetoka katikati.
MUDA: Saa moja na nusu.
VIFAA: Biblia, katiba na daftari la kikundi, na kokoto nyingi.

1. TUANZE NA MPIRA

Mpira wa vikapu si mgeni Mombasa. Timu za KPA, ya wanaume na ya wanawake, zimecheza ligi kuu ya nchi kwa miaka mingi. Basi tutazame wachezaji wawili wa vyuo.

Wa kwanza ni jirani yetu, Hasheem Thabeet, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alikwenda Marekani kusoma, na tangu 2006 akachezea Chuo Kikuu cha Connecticut. Mchezaji wa namna hiyo hulipiwa ada, chakula na malazi, na nafasi anayokalia kuna kijana mwingine aliyeikosa. Kanuni zilimruhusu misimu minne, yeye akacheza mitatu. Lakini hakuondoka katikati. Alingoja msimu uishe. Aprili 2009 timu yake ilifika nusu fainali ya nchi ikafungwa na Michigan State. Baada ya hapo ndipo akasema kwaheri. Juni mwaka huo alichaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Huko mbele mambo hayakumnyookea. Februari 2010 Memphis ilimshusha kwenye timu ndogo ya Dakota. Februari 2011, msimu ukiwa katikati, ikampeleka Houston. Alimaliza safari yake ya NBA mwaka 2014, na baadaye akacheza Japani na Taiwan. Kwa hiyo kuondoka vizuri si hakika ya kufanikiwa. Ila wenzake wa chuo hakuwaachia msimu uliokatika.

Wa pili ni Matthew Sluka, mchezaji wa mpira wa Kimarekani katika chuo cha UNLV, Las Vegas. Septemba 2024 timu yake ilikuwa imecheza mechi tatu na kushinda zote. Ghafla akatangaza kwamba hachezi tena. Wakala wake alisema kijana aliahidiwa dola 100,000 na hakulipwa. Chuo kikasema mwakilishi wake ndiye aliyedai pesa ili kijana aendelee kucheza, kinyume cha kanuni. Nani alisema kweli? Sisi hatuwezi kuamua, maana ahadi inayobishaniwa ilikuwa ya mdomo. Timu nayo haikufa. Mechi iliyofuata ilishinda 59 kwa 14.

Tunajifunza mambo mawili. Kwanza, anayeondoka ana sababu zake, na mara nyingine sababu hizo zinatuhusu sisi tuliobaki. Pili, neno lisiloandikwa huzaa ugomvi hata kwa wenye pesa nyingi.

2. NENO

Someni Matendo 13:13, kisha 15:36-40. Yohana Marko alifuatana na Paulo na Barnaba, lakini walipofika Perge akawaacha akarudi Yerusalemu. Hatuambiwi sababu. Baadaye Barnaba alitaka kumchukua tena, Paulo akakataa, wakagombana mpaka wakaachana. Barnaba akaenda Kipro pamoja na Marko. Sasa someni 2 Timotheo 4:11. Paulo yuko kifungoni, na anayemwagiza Timotheo amlete ni Marko yuleyule, kwa kuwa anamfaa katika kazi.

Paulo hakukosea kuuliza kama mtu huyu anategemeka. Barnaba naye hakukosea kumwachia mlango wazi. Kikundi kinahitaji yote mawili: kanuni ya Paulo na moyo wa Barnaba.

3. HESABU YENYEWE

Watu 12 wakae duara. Kila mmoja anatoa shilingi 500 kwa mwezi, nayo ni kokoto moja. Kila mwezi mmoja anapokea 6,000. Chezeni miezi mitano. Sasa mtu mmoja atoke.

Mfano A: Anayetoka amekwisha kupokea. Ametoa 2,500, akapokea 6,000. Ana deni la 3,500. Asipolipa, wale saba wanaongoja watapata 5,500 kila mmoja badala ya 6,000. Angalieni vizuri: hasara yote imewaangukia wale waliovumilia kungoja, na wanne waliokwisha kupokea hawakuguswa. Hiyo si haki. Hasara hiyo ikigawanywa kwa wote 11 waliobaki, ni kama shilingi 320 kwa kila mtu.

Mfano B: Anayetoka hajapokea. Ametoa 2,500 na hakupata kitu. Vikundi vingi humwambia, "Umejitoa mwenyewe, pesa zimekwenda." Je, kumrudishia kutatuumiza? Hesabuni. Waliobaki wanaongoja ni sita, kila mmoja atapungukiwa 500, jumla 3,000. Lakini zamu yake imebaki wazi, na mwezi huo 11 wakitoa kama kawaida ni 5,500. Toeni 3,000 za kuwajazia wale sita. Zinabaki 2,500, sawasawa na alizotoa yeye! Basi akirudishiwa pesa zake zamu yake inapofika, hakuna anayepoteza hata senti. Tukizikatalia, tumekula jasho la mwenzetu.

4. MAMBO YA KUANDIKA KATIKA KATIBA

Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na katiba. Ongezeni humo:

(a) Anayetaka kutoka atoe taarifa mapema, mwezi mmoja hivi, mbele ya mkutano, na iandikwe.
(b) Aliyekwisha kupokea amalize deni lake, au alete mtu wa kukaa mahali pake. Aliyesafiri anaweza kuendelea kutuma kwa M-Pesa kupitia ndugu yake.
(c) Mgeni asipewe zamu za kwanza, au awe na mdhamini aliye mwanakikundi.
(d) Ambaye hajapokea arudishiwe alichotoa zamu yake inapofika.
(e) Mwenye ugonjwa mzito au msiba asisumbuliwe. Hasara igawanywe kwa wote.
(f) Ahadi zote za viongozi, kama mkopo au kubadilishana zamu, zitiwe sahihi na mweka hazina na mhusika.
(g) Aliyetoka vizuri anaweza kurudi mzunguko mwingine ukianza.

5. MASWALI YA KUJADILIANA

- Waliowahi kututoka, ni wangapi tuliowauliza sababu?
- Je, kuna aliyetoka kwa sababu tulimwahidi jambo hatukulitimiza?
- Kuna mtu tunayemdai? Kuna mtu anayetudai? Tufungue daftari.
- Ni nani Marko wetu, na nani atamwendea?

KAZI YA NYUMBANI: Kabla ya mkutano ujao, watu wawili wamtembelee mmoja aliyetoka. Wasiende kudai siku hiyo. Wamjulie hali kwanza, wasikilize, kisha walete habari kikundini.

SALA: Ee Bwana, utufundishe kuhesabu kwa haki na kusamehe kwa moyo. Uwalinde wenzetu walio mbali, na utupe sisi tuliobaki nguvu ya kumaliza tulichoanza. Amina.