Somo la Ngitili: Mtaalamu na Mkulima Wanapofundishana

Wakazi wengi wa Nkome wenye asili ya Usukumani wanalijua neno ngitili: eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali, ili ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia wapate majani. Katika mkoa jirani wa Shinyanga, desturi hii iliwafundisha wataalamu jambo ambalo mipango yao haikuwa nalo.

Kuanzia miaka ya 1920 misitu ya huko ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha ikafyekwa kupisha pamba. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ikawahamisha watu mbali na ngitili zao. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mwanzoni ulitegemea vitalu vikubwa na miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni. Mwitikio ulikuwa hafifu, kwa kuwa wafugaji walitaka miti ya asili na nyasi chini yake. Maofisa walipogeuka kuwasikiliza wanavijiji, ngitili ikarudi: funga eneo, acha visiki na mizizi ichipue.

Anthropolojia, elimu inayochunguza jamii na mila zake, hututaka tusiishie kwenye mbinu. Kufunga malisho si kazi ngumu. Kugumu ni kukubaliana nani afunge, nani alinde na mvunjaji atozwe nini. Kwa Wasukuma hayo yalikuwa na mahali pake: dagashida, baraza la jadi, huku sungusungu wakilinda. Mtaalamu ambaye angechukua mbinu na kuiacha dagashida angeondoka na nusu ya elimu, tena ile nusu nyepesi.

Mkulima naye alipata vipimo vya mipaka, sheria ndogo za kijiji na matokeo ya utafiti wa miti ya malisho na kuni. Mpango ulipofungwa mwaka 2004, ngitili, ambazo mwanzoni zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Hata hivyo faida haikugawanyika sawa. Mwenye ardhi na ng'ombe wengi alivuna zaidi ya asiye navyo, na jambo hilo halikutatuliwa na baraza wala na watafiti.

Kwa hiyo afisa ugani anapokuuliza habari za shamba lako, usimtajie mbegu na mbolea pekee. Mwambie udongo huo mnauitaje, luseni au mbuga. Mifugo huingia lini baada ya mavuno. Na ni nani mwenye kauli ya kuiruhusu.