SOMO: WENYE KUABUDU KATIKA ROHO NA KWELI

Masomo: Yohana 4:19-24, Matayo 5:23-24, Kutoka 3:5



Mwanamke Musamaria alimuuliza Bwana Yesu habari ya mahali: tumuabudu Mungu kwenye mlima huu ao Yerusalema? Wayuda na Wasamaria hawakupatana kwa neno hilo. Yesu akamuonyesha kwamba Baba anatafuta watu wenye kumuabudu katika roho na kweli.

1. Katika roho. Papa Simon Kimbangu alianza kazi ya Bwana kule Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwezi wa Septemba mwaka uleule alikamatwa. Alihukumiwa kufa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa huku Katanga, katika gereza la Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Alifia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30 bila hekalu, bila fanfari, bila kundi lake! Kama ibada ni jengo na nyimbo tu, ingekufa siku ile alipofungwa. Lakini waamini waliofukuzwa kwao waliendelea kusali kwa siri, mpaka serikali ikatambua Kanisa tarehe 24 Desemba 1959. Ibada ya roho haifungwi kwa ufunguo.

2. Katika kweli. Musa aliambiwa avue viatu mahali patakatifu. Sisi pia tunavua viatu tunaposali, na ni vizuri. Lakini mara nyingi viatu vinabaki mlangoni, chuki tunaingia nayo ndani. Siku ya nsinsani akina mama wanashindana na akina baba, kila mmoja anapeleka feza mbele kwa furaha. Na katika mustari uleule wamo ndugu wawili wasiosalimiana tangu walipofiwa na baba yao, kwa sababu ya kiwanja. Huyu anatoa, na yule anatoa. Yesu anafundisha kwamba toleo la namna hii lingoje kwanza mbele ya mazabahu. Nenda upatane na ndugu yako, kisha rudi ulitoe.

Tunajifunza maneno matatu: Upendo, Amri, Kazi. Upendo umetangulia.

Basi, kabla ya siku ya Mungu inayokuja, kila mmoja wetu ajiulize: ni nani ambaye siwezi kumupa mukono? Twende kwanza nyumbani kwake, ndipo twende hekaluni.

Bwana atusaidie. Amina.